Mashine Inahesabu kwa Mguu wa Nani?

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipomwaibisha mtu mzima mbele za watu kwa sababu ya kidude kisichojaza kiganja changu. Wewe umeniletea picha za vifaa viwili vya kupimia umbali kwenye gofu, unataka nikuambie ununue kipi. Nitakuambia. Lakini kaa kwanza, chai iko kwa thermos, maana jibu langu linapitia njia ndefu kidogo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa jiografia, naishi Ruring'u, sijafika miaka thelathini na tano. Kiwanja tulichochezea sitakitaja, wenyewe bado wapo. Wanawake tulikuwa wachache, na kila mpira tuliopiga ulikaguliwa kama ng'ombe wa mnada kule Doldol. Kwa hiyo nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba najua. Hamu hiyo si mbaya, ila ikipanda kichwani hukaa kwenye kiti cha akili.

Aliyenibebea fimbo za gofu alikuwa Mzee Ndirangu, mtu wa Giakanja. Mfupi, mguu wa kushoto anauburura kidogo, macho yameanza kuingia ukungu. Lakini kiwanja kile alikijua kama shamba lake. Hakusema yadi, kipimo cha gofu, alisema hatua, moja ikiwa karibu sawa na yadi, na hatua zake hazikuwahi kunidanganya hata mara moja. Sasa shika jambo hili vizuri: msimamizi wa wabeba fimbo alikuwa ameanza kusema kwamba wazee wasioona vizuri wapumzishwe. Mzee aliitegemea kazi ile, na zaidi ya kuitegemea, aliipenda. Mimi nilikuwa nalijua hilo, ndiyo maana mpaka leo linaniuma.

Basi kaka yangu aliyekuwa ng'ambo akaniletea hicho kifaa cha GPS, kinachojua ulipo kwa satelaiti. Kilikuwa cha mabaharia na wapanda milima, si cha gofu, lakini ukitembea hadi kwenye bendera ya shimo ukabonyeza, kilikumbuka mahali pale, na ukirudi nyuma kilikuambia umeliacha umbali gani. Kilikuwa na vitufe vingi na kila kitufe kilificha vingine. Nilikipenda, mwanangu, nisikudanganye. Wiki nzima nilizunguka nacho kiwanjani, nikakibonyeza kwenye kila bendera. Ijumaa nikakipeleka shuleni, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakapima nacho uwanja wa mpira, wakafurahi, nami nikafurahi kuliko wao.

Kesho yake yalikuwa mashindano. Tulicheza vizuri mpaka shimo la saba, pale ambapo kijito kinapita mbele tu ya bendera. Kwenye mashimo yale mengine ya mwanzo mipira yangu iliangukia karibu na bendera, sikukihitaji kifaa. Pale nikakitoa. Kikasema mia na arobaini. Mzee akatazama bendera, akatazama majani ya miti, akaniambia ni hatua mia na hamsini na tano, nichukue fimbo kubwa. Nikamwonyesha kioo cha kifaa. Nikamwambia satelaiti haizeeki.

Akakiinamia kile kioo, ingawa sidhani alikisoma. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, na hiyo mashine inahesabu na mguu ya nani?"

Wale niliocheza nao wakacheka. Nami nikacheka, ole wangu. Nikamwambia, "Mzee, wewe beba begi. Kuhesabu ni kazi yangu."

Nikachukua fimbo ndogo. Nilipiga mpira mzuri, pengine mzuri kuliko yote niliyopiga mwaka ule, nao ukaenda moja kwa moja hadi katikati ya kijito. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sivyo? Langu halikuvunjika. Badala yake ulimi wangu ndio uliovunja la mwingine. Msimamizi alikuwa amesimama palepale ng'ambo ya maji, na mimi kwa aibu nikageuka nikasema kwa sauti kwamba mzee amenichanganya na hesabu zake. Nilisema hivyo. Mzee akaenda kuutafuta mpira majini na suruali ameikunja.

Wiki iliyofuata jina lake halikuwa kwenye orodha ya wabeba fimbo.

Nilijiambia kwamba wangemwondoa tu, hata bila mimi. Moyo ukikosa, hupata wakili haraka. Lakini lile swali la mguu lilinikalia kooni kama mfupa. Jumapili baada ya kanisa nikaenda na kifaa uwanjani Ruring'u, kwenye ile njia ya wakimbiaji wa mita mia. Nikasimama mwanzo, nikabonyeza, nikatembea hadi mwisho. Kikasema mia.

Mia! Kingekuwa kinahesabu yadi, kingesema mia na tisa. Ndipo nikakumbuka. Ile Ijumaa shuleni nilikibadilisha kihesabu mita, kama tunavyofundisha darasani, na sikukirudisha. Kumbe mita mia na arobaini za mashine na hatua mia na hamsini na tano za mzee zilikuwa karibu kitu kimoja. Mashine haikudanganya na mzee hakudanganya. Mwongo alikuwa mwalimu wa jiografia. Nilikaa pale kwenye nyasi nikalia, watoto wakinitazama.

Nikafunga sukari na majani chai, nikapanda kwenda Giakanja. Nilimkuta akiwakatia ng'ombe majani. Nikamweleza yote, mita, yadi, na ule uongo wangu mbele ya msimamizi. Alisikiliza bila kuacha panga. Nilipomaliza akaliweka chini.

"Mpira kuingia maji si kitu," akasema. "Mimi nilikuuliza swali. Mtoto akikuuliza swali kwa darasa, wewe humwambia abebe begi?"

Mwanangu, nimekemewa na wakuu wa shule na wakaguzi, na hakuna aliyewahi kunigusa palipouma vile. Nikamwomba msamaha. Akaniita ndani, mkewe akatupa uji, na hakulitaja tena.

Jumamosi nilisimama mbele ya watu walewale, msimamizi akiwepo, nikasema kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho. Jina la mzee likarudi, akanibebea fimbo mwaka mmoja zaidi, mpaka macho yenyewe yalipomwambia basi. Siku ya mwisho alipita nami shimo la saba tukihesabu kwa miguu. Zake zilikuwa mia na hamsini na tano. Zangu nilipoteza hesabu njiani, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Sasa lete hizo picha. Hiki chenye ramani za rangi, mapigo ya moyo na ujumbe wa simu, kiache dukani. Chukua hiki cha namba tatu tu: umbali hadi mbele ya zile nyasi fupi zenye bendera, hadi katikati yake, na hadi nyuma yake. Namba ziwe kubwa, uzisome jua likiwaka. Betri imalize mashimo yote. Na kabla hujakiamini, simama kwenye lile jiwe la kiwanjani linaloonyesha zimebaki yadi mia na hamsini, ukione kinasema nini. Kifaa chenye mambo machache kina mahali pachache pa kukusahaulisha.

Na mwenye kukubebea begi akikuuliza swali, mwanangu, simama umjibu. Kama huna jibu, mwambie huna. Kuuliza si ujinga, na anayeulizwa akacheka ndiye mjinga.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio zito kwa sifa. Akujalie watu wa kukuambia ukweli, nawe usiwanyamazishe. Nenda ucheze, mvua ya mlimani isikukute njiani.