Siku Komini Ilipouliza Nani Mgeni

Mwaka ule komini yetu ya Kolwezi, yaani manispaa, ilipotaka kuwawekea wageni sheria, mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani na mpangaji mmoja uani. Alikuwa mwanamke kijana aliyetoka Kasai kwa treni pamoja na mume wake. Walishuka Tenke, wakangoja pale treni ya kuja huku hadi walipochoka, mwishowe wakapata lori la mahindi lililokubali kuwabeba juu ya magunia. Mume alikuwa mchimbaji. Alilala huko huko machimboni na kurudi Jumamosi, mikono na nguo zikiwa na ile rangi ya kijani ya mawe ya shaba ambayo sabuni haiiwezi. Mke alikaanga karanga akaziuza mbele ya lango langu. Kiswahili alikuwa hajakijua vizuri, kwa hiyo tuliongea kwa maneno machache na kicheko kingi.

Jirani yangu wa upande wa kulia alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mzee aliyefiwa na mke. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha wenyeji, yaani watu ambao babu zao walizaliwa katika ardhi hii ya Lualaba. Chama hicho ndicho kilichopeleka ombi kwa burgumesta, mkuu wa komini: kila anayefika kutoka mkoa mwingine awe na mwenyeji wa kumdhamini, apelekwe komini akajulikane, na asiye na mdhamini arudi alikotoka.

Habari hiyo niliisikia redioni nikiwa napinda mashati ya shule. Sikukasirika. Kilichonijia kwanza kilikuwa swali: na mimi je? Baba yangu aliletwa hapa na kazi za migodi kutoka kaskazini ya Katanga, enzi ambazo yote ilikuwa Katanga moja. Mimi nilizaliwa hapa, nikabatizwa hapa, nikaolewa na kuachika hapa. Lakini mkoa wa zamani ulipokatwa vipande, kijiji cha baba kiliangukia kipande kingine. Basi nilikuwa nani?

Niliacha mashati, nikaenda kwenye ua wa matete unaotutenganisha. Mwalimu alikuwa akimwagilia lengalenga yake, mchicha wa kwetu.

"Yambo, Mwalimu."

"Yambo, mama."

"Ile sheria yenu, mi niko ndani ao niko inje?"

Akacheka. "We? We uko mutoto wa hapa."

"Tangu wakati gani?"

Maji yakaendelea kumwagika mahali pamoja mpaka yakafanya kidimbwi. "Ile swali iko muzuri," alisema. "Acha nifikiri kwanza."

Baadaye, kila tulipopishana njiani, aliniinulia kidole kimoja kama mtu anayesema bado sijasahau.

Kwenye kikundi chetu cha akina mama wa parokia hakukuwa na utulivu wa namna hiyo. Wakubwa kati yetu wanakumbuka miaka ambayo watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, familia zikapiga kambi kwenye stesheni na masufuria yao, watoto wakiugua huku treni haifiki. Mama yangu alikuwa akiwapelekea uji. Kwa hiyo waliposikia neno "arudi alikotoka", hawakutaka kusikia maelezo yaliyofuata. Tukakubaliana kwenda kumwona burgumesta.

Tulipofika ofisini tulikuta vijana wa chama cha wenyeji wameshakaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa hilo moja tu. Walisogea, tukabanana nao, wanaokuja kuomba hili na wanaokuja kuomba kinyume chake, mabega yakigusana. Mmoja wao alikuwa amevaa suruali niliyoishona mwenyewe. Burgumesta, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alitusikiliza sisi kwanza. "Nimesikia, ba mama," alisema. Tukatoka. Mlango haukufungwa vizuri, na baada ya kitambo tukamsikia akiwaambia wale vijana, "Nimesikia, batoto." Sauti ilikuwa ile ile.

Ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba dada mkubwa wa burgumesta huimba kwaya nasi. Tulimfuata Jumapili baada ya misa. Alitusikiliza akikunja kitenge chake, kisha akatuambia, "Ule ndugu yangu, ukimusukuma, anakala chini. Mumuulize, musimuombe. Akiulizwa mbele ya batu, ataogopa kukosa jibu."

Kwa hiyo hatukurudi kumwomba aikatae ile sheria. Tulimwomba aitishe mkutano wa wazi, watu waulize. Alikubali upesi kuliko tulivyotarajia. Nadhani naye alikuwa amechoka na lile benchi.

Kabla ya mkutano huo Mwalimu aliniita tena kwenye ua. "Chama tutakutana mangaribi. Kuya usikie. Usisikie kwa redio tu."

Wenzangu waliniambia nisiende. Nilikwenda, kwa sababu nilitaka kujua watu hao huongea nini wakiwa peke yao. Nilitegemea kukuta hasira. Nilichokikuta kwa sehemu kubwa kilikuwa uchovu. Mama mmoja alieleza jinsi ukuta wa chumba chake ulivyopasuka kutoka juu mpaka chini, kwa sababu wachimbaji walipitisha shimo chini ya msingi wake wakitokea kiwanja cha jirani. Alilala miezi akisikia nyundo chini ya kitanda. Mwingine alisema darasa la mwanawe limejaa mpaka watoto wanaandikia magotini. Nilijikuta natikisa kichwa pamoja nao. Lakini pia kijana mmoja alisimama akasema juu ya watu wa Kasai maneno ambayo sitayaandika, na wawili watatu wakapiga makofi. Mwalimu alimwangalia mpaka makofi yakaisha. "Kala chini," alimwambia. "Hatukuya hapa kwa ile."

Niliporudi nyumbani, mpangaji wangu aliniuliza kwa Kiswahili chake, "Banasema nini juu yetu?" Nilimweleza kadiri nilivyoweza: nyumba, mashimo, madarasa. Alisikiliza kwa makini sana. Aliponiuliza mkutano wa komini ni lini, nilijua atakuja.

Ukumbi wa komini ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Burgumesta alikaa mbele na karani wake. Mwalimu alisoma ombi la chama kwa Kifaransa kizuri, kisha akalieleza kwa Kiswahili. Sisi tulisema yetu. Mwenye nyumba huyu alisema, dereva wa malori ya Fungurume yule alisema, kelele zikapanda na kushuka. Ndipo mpangaji wangu akasimama katikati ya akina mama. Aliomba kusema kwa Chiluba, lugha ya kwao Kasai, kwa kuwa mambo aliyokuwa nayo hayakuenea katika Kiswahili chake. Watu wakaguna. Burgumesta akamwambia karani atafsiri.

Alisema kwa muda mrefu bila kupandisha sauti. Kiluba cha baba yangu ni ndugu wa lugha yake, nikawa nashika neno hapa na neno pale: nyumba, kitanda, kuita. Alipokaa, karani alisafisha koo.

"Anasema anaomba samahani," alitafsiri. "Anasema batafwata sheria."

Niliona wazi kwamba hayo hayawezi kuwa yote, lakini sikuwa na maneno ya kutosha kuyasimamisha. Karani hakuwa mtu mbaya. Nadhani alitaka mkutano uishe salama. Kabla sijaamua la kufanya, Mwalimu alishasimama upande wa pili.

"Hapana. Hakusema vile."

Burgumesta alimgeukia. "We unasikia Chiluba, Mwalimu?"

"Ninasikia."

"Basi sema."

Mwalimu alikunja ile karatasi ya ombi, akaitia mfukoni, akamwangalia yule mwanamke. Alianza polepole, akisema "mimi" pale mwanamke aliposema "mimi", kama vile maneno yalikuwa yake.

"Anasema hivi. Munasema tunatoboa nyumba zenu. Bwana wangu anachimba, sikatae. Lakini mi na bwana wangu tulifika hapa hatuyue hata njia ya kisima. Nani alituonyesha mawe iko wapi? Ile nyumba yenye kupasuka, jirani yake njo aliita bwana wangu. Alimupeleka mu chumba chake mwenyewe, akatoa kitanda, akamwambia: chimba hapa, tutagawana. Mugeni hajue mali iko wapi. Mwenyeji njo anayua. Mukitaka kutuandika, mutuandike. Lakini muandike na ule mwenye kutuita."

Akamgeukia mwanamke na kumuuliza jambo kwa Chiluba. Mwanamke akaitikia kwa kichwa.

"Njo vile," Mwalimu alisema, akakaa.

Kelele zikalipuka kutoka upande wa chama chenyewe, kwa sababu jirani aliyetajwa alikuwa mle ndani na alikuwa mwanachama. Yule mama wa ukuta uliopasuka alisimama akamtazama, naye akawa anatazama viatu vyake. Burgumesta alipiga meza na kusema ameelewa kwamba jambo lina pande nyingi, na azimio litangoja. Mara hii hakusema "nimesikia".

Jioni hiyo nilimkuta Mwalimu kwenye ua kama kawaida. Nilikuwa nimekaa naye jirani miaka yote hiyo bila kujua.

"Chiluba ulijifunza wapi?"

"Kasai. Nilikuwa mwalimu kijana, balinituma kule. Nilikala miaka mingi. Bibi yangu nilimuoa kule."

Nilimkumbuka mke wake, mwanamke mkimya aliyeongea Kiswahili kama sisi wote. Sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi.

"Sasa ukiwa na ile yote, ilikuwaje upeleke lile ombi?"

Hakuona aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Alieleza kwamba siku aliyofika kule, kabla hajafungua sanduku, alipelekwa kwa shefu wa kijiji. Shefu alimuuliza jina la baba yake na kazi iliyomleta, akampa kuku. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa. Alipougua, shefu alijua ni nani anaugua. "Mugeni lazima apige hodi," alisema. "Mi nilipiga hodi, balinifungulia. Njo kitu nilikuwa naomba. Hapa batu banashuka mu treni, hakuna mwenye kubaona, banakufia mu mashimo, hatuyue hata majina."

"Lakini mliandika warudi walikotoka."

"Ile sehemu batoto baliiongeza," alisema. "Nilisaini. Nilikuwa nayo shaka, nilisaini."

Wiki chache baadaye azimio lilitoka likiwa na sura nyingine. Kila mwenye kiwanja alitakiwa kumpeleka mpangaji mpya kwa shefu wa mtaa, awe ametoka Kasai, Kisenge ya hapa hapa Lualaba au nyumba ya pili, na nyumba ikichimbwa chini, mwenye kiwanja ndiye atakayejibu. Hakuna aliyefurahi. Vijana walisema burgumesta amenunuliwa na akina mama. Baadhi ya wenzangu walisema kuandikwa ni kuandikwa tu, leo jina, kesho treni. Mimi bado sijui nani alikuwa sahihi kuhusu hilo, na kila serikali mpya inapoingia naliwaza upya.

Nilimpeleka mpangaji wangu kwa shefu. Alijibu maswali yote mwenyewe, kwa Kiswahili, akiwa amejifunza majibu tangu asubuhi. Kisha akamwambia shefu, akinionyesha mimi, "Na huyu muulize pia." Shefu akacheka, lakini akauliza kweli: baba yako alitoka wapi? Nikataja kijiji ambacho sijawahi kukiona. Alinitaka nirudie jina lake, akauliza kama kuna mto, nami nikasema nasikia upo.

Kabla mvua hazijaisha, yule mwanamke na mume wake walihamia Fungurume, ambako wachimbaji wengine waliwaita. Siku ya kuondoka, Mwalimu alitoka kumuaga. Waliongea Chiluba kwenye lango langu muda mrefu, lori likipiga honi, na kwa jinsi walivyokuwa wakicheka nilitamani sana kujua wanasema nini. Nilimuuliza baadaye. Alisema walikuwa wanabishana namna ya kusonga bukari, ugali wetu: watu wa Kasai wanaweka muhogo mwingi mno, na mkewe hakuwahi kumsikiliza katika jambo hilo.