Muuzaji Aliyerudi Kutafuta Mazabodi

Katika maisha yangu ya kununua, na nimenunua vingi, kuanzia vitunguu vya kupimiwa kwa kisado hadi pikipiki yenye kioo kimoja, muuzaji aliyenitafuta baada ya kuniuzia ni mmoja tu. Ndiyo maana siku aliponipigia simu sikujua afanyweje.

Soko huria lilikuwa limekwisha kufika Singida, si kwa maneno ya redioni tena bali kwa maboksi. Redio, majiko, pasi, viatu ambavyo ukifika navyo nyumbani unakuta vyote ni vya kushoto. Kila duka lilikuwa na bango: Mali ikishauzwa hairudishwi. Wengine waliweka alama tatu za mshangao ili usidhani wanatania. Tuliliheshimu bango lile. Ukinunua kitu kibovu, ubovu nao umeununua, nenda nao kwako.

Mimi nilikuwa na kibanda cha steshenari pale Utemini, na ndani yake kompyuta moja. Kompyuta ile ilikuwa maksai wawili wa mama yangu. Walikuwa maksai wake wa kulimia, hakuwa na wengine. Walitolewa kijijini kwetu Kinyangiri hadi mnadani, wakauzwa, mimi nikaenda Dar nikarudi na kasha, skrini na printa, nimevipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Tangu siku hiyo mama alilima kwa ng'ombe wa majirani, tena kwa zamu, na mwenye zamu ya mwisho hupanda wakati wenzake wanapalilia. Hakulalamika. Akija mjini aliuliza tu:

"Ng'ombe wangu wanakula nini siku hizi?"

"Wino, mama."

"Na wananenepa?"

"Kidogo kidogo."

Kwa hiyo mtu akigusa ile mashine, alikuwa anagusa shamba la mama.

Simu ilitoka kwa fundi wa lile duka la Dar, yeye mwenyewe ndiye aliyeniuzia. "Dada, mashine yako ina mazabodi yenye kasoro," akasema. Mazabodi ni ule ubao mpana wa kijani ndani ya kasha, ambao kila kitu cha kompyuta kimechomekwa juu yake. Ukifa huo, vilivyobaki ni mapambo. "Kiwanda kimekiri. Zote za toleo lile zinarudi. Lete, tunakuwekea mpya bure."

"Bure?"

"Bure, dada."

"Bure ya shilingi ngapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeuliza.

Nikavuka barabara kwa jirani mwenye studio ya picha. Alikuwa amenunua mashine kama yangu, kwa fundi yule yule, tena kwa ushauri wangu. Naye alikuwa amepigiwa.

"Umeona wapi muuzaji anakumbuka shida yako?" akaniambia huku anafunga mlango. "Mle ndani kuna dhahabu."

"Nani kasema?"

"Mtu anayejua."

"Anajua nini?"

"Anajua kuna dhahabu."

Jioni ile alihamishia kompyuta yake chumbani, imefungwa kitenge. Akaniapia kwamba mkewe analala mguu mmoja ukiwa juu ya kompyuta.

Wiki hiyo mama alikuja kuniletea mtama. Nikamsimulia yote. Akautua mzigo taratibu.

"Anataka umrudishie?"

"Ndiyo."

"Anakupa mwingine, mpya?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi ana mimba," mama akasema. "Shika kamba."

Kwa mtu asiye mfugaji lazima nieleze. Kwetu, kamba ya ng'ombe ikishatoka mkono huu kwenda mkono ule, mauzo yamekwisha. Muuzaji akirudi asubuhi na maneno ya asali, kwamba umrudishie yule akupe mwingine mzuri zaidi, maana yake ni moja: amefika nyumbani akaambiwa na wachungaji wake kuwa mtamba, yule ng'ombe jike ambaye hajazaa, aliyemuuza alishapandwa. Mama yalimkuta mwenyewe kabla sijazaliwa. Mtu alimrudia kwa upole mkubwa, na mbuzi wa nyongeza, mama akakataa, mtamba akazaa. Wale maksai wawili waliokuja kugeuka kompyuta walikuwa wajukuu wa mtamba yule. Sasa wewe ungebishana vipi na ushahidi uliokulimia shamba?

Nikampigia fundi. "Kama unaitaka sana, nipe kompyuta nzima, na karatasi maboksi mawili."

"Dada, ninakupa kitu bure na wewe unapandisha bei?"

"Ndiyo sababu napandisha."

Simu ikakatika. Nilijisikia mjanja, na ni siku chache mtu hujisikia hivyo bila kulipishwa.

Baada ya hapo mashine ikaanza kuzimika. Unachapa, mstari wa tatu, kimya. Nikailaumu hitilafu ya umeme. Nikalaumu vumbi, nikalaumu panya. Wakati ule nilikuwa nimepewa kazi ya kuchapa mitihani ya shule mbili za sekondari, na mwalimu mkuu mmoja alikuwa na tabia ya kupita dirishani na kukohoa. Nikawa nachapa sentensi, nahifadhi, nachapa sentensi, nahifadhi. Sikumwambia mtu. Aliyeshika kamba ya ng'ombe mwenye mimba haanzi kutangaza kwamba ng'ombe anayumba.

Mama akaja tena, kuwatazama ng'ombe wake kama alivyozoea, na siku hiyo hiyo fundi akatokea. Alishuka kwenye basi akiwa mwekundu wa vumbi hadi kope, na boksi limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alimwamkia mama kwanza, kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi." Akageukia kwangu. "Mikoa mingine wamerudisha. Huku hakuna hata mmoja. Nimekuja mwenyewe, kwa sababu kwenye simu nyinyi mnaongea kama mnanunua mbuzi. Kesho asubuhi naondoka na basi. Nikishaondoka, boksi hili linarudi kiwandani na hesabu imefungwa. Ikifa baada ya hapo, imekufia wewe."

"Karibu kiti," nikasema. "Tuanze upya. Ile kompyuta nzima unasemaje?"

Jirani wa studio alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mama alikaa karibu na mashine, kiganja juu ya kasha, kama anavyomshika ng'ombe ambaye mnunuzi anamzunguka.

"Hakuna kompyuta nzima," fundi akasema.

"Nusu?"

"Dada."

"Basi sema wewe, kuna nini mle ndani kinachowafanya mkeshe?"

Akafungua mdomo kujibu, na hapo hapo skrini ikawa nyeusi. Feni ikazunguka mara ya mwisho, ikatulia. Tukasikia kuku wa jirani.

"Umeme," nikasema.

"Taa inawaka," jirani akasema, mtu niliyemfundisha hata kuwasha kompyuta.

Fundi alichomoa waya ukutani, akatoa bisibisi mfukoni, akamtazama mama, si mimi. Alikuwa amekwisha kusoma ni nani mwenye mali pale.

"Fungua," mama akasema. "Ila hakitoki kitu."

Ubavu wa kasha ukatoka. Jirani akaingiza kichwa kabla yetu, akitafuta dhahabu. Fundi akatuonyesha: juu ya ule ubao wa kijani kulikuwa na vijikopo vidogo vilivyosimama wima kama makopo ya maziwa ya mdoli. Ndivyo vinavyotunza umeme na kuugawa kwa utulivu, akasema. Vingine vilikuwa bapa juu. Vingine, vile vilivyo karibu na feni, vimetuna kifuniko, na kimoja kimepasuka, kimetoa uchafu wa kahawia uliokauka.

Mama akavuta kiti. "Hivi vinatakiwa viwe bapa?"

"Ndiyo, mama. Dawa iliyotiwa ndani haikuwa sawa. Ikipata joto inatoa hewa."

Mama akapitisha kidole juu ya vile vilivyovimba, kimoja kimoja, bila haraka. Nilijua kidole kile. Nimekiona kwenye mbavu za ng'ombe tangu utoto wangu.

"Mimba hukaa chini," akasema, kama anajisemea. "Huyu amevimba juu. Hii siyo mimba. Huu ni upepo."

Kisha akanigeukia. "Ameanza lini kuanguka?"

Nikamwambia.

"Siku zote hizo na wewe umenyamaza? Ng'ombe akijaa upepo unasubiri kupambazuke?" Akasogeza kiti nyuma kumpisha fundi. "Mtoe, baba. Mtoe upesi."

Ikawa kazi. Fundi akachomoa ubao mgonjwa, akatoa mpya kwenye boksi, umefungwa mfuko unaong'aa, akaupachika skrubu baada ya skrubu. Mama hakuondoa macho. Fundi alipomaliza akachomeka waya, akabonyeza. Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, herufi nyeupe zikaanza kupanda. Nikafungua mitihani yangu, yote ilikuwemo. Nikaihesabu. Nikaihesabu tena. Ilikuwemo.

Tulipotazama mlangoni jirani hakuwepo. Alirudi akitweta, kompyuta kichwani, bado ina kitenge, na mkewe nyuma anauliza kitenge chake kinakwenda wapi.

Mimi ni mimi, kwa hiyo kabla fundi hajafunga ubavu wa kasha nilimwambia kwamba bure nayo ina mapatano yake, na kwamba kuna muda nimepoteza, na simu. Akatoa kipanya kipya cha kompyuta kwenye begi lake akaniwekea mezani. "Hiki nakupa ili unyamaze," akasema. Nikanyamaza.

Tulimchinjia kuku. Alikula ugali wa mtama kwa shaka mwanzoni, kisha kwa bidii; mlenda ulimshinda, akachovya mara moja akamshukuru Mungu. Wakati anakula, mimi nilikuwa napiga hesabu, na kila nilipoipiga ilikataa. Ubao ule mpya angeuuza Dar siku hiyo hiyo. Kiwanda kiko ng'ambo ya bahari, kisingejua. Mimi nilikuwa nimekataa kwa mdomo wangu mwenyewe, mara mbili. Nauli, vumbi lile lote, kulala nyumba ya wageni: nilitafuta faida yake ilipo nikaikosa, na mimi kwa kawaida faida ya mtu naiona hata akiificha kwenye soksi.

Nikamuuliza. "Kwa nini hukuziuza hizi mazabodi mpya?"

Akaweka mfupa pembeni. "Siku unanunua uliligonga lile kasha kwa vidole kama tikiti maji. Ukaniambia, fundi, hii ni maksai wawili wa mama. Wateja wananiambia mengi, dada. Lile lilinikaa." Akachukua paja jingine. "Halafu nikawaza, ikifa hii, nitaisikia sauti yako mpaka Dar bila simu."

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilitaka kusema asante, neno ambalo katika biashara yangu nilikuwa nalitumia kumaliza mabishano tu. Nikalisema. Lilitoka dogo, lakini lilitoka bila kuomba punguzo.

Asubuhi fundi aliondoka na boksi lake, sasa limejaa mazabodi zilizovimba, maana habari ilikuwa imezunguka mji kabla ya chai. Mama alikuwa na basi lake la kwenda Kinyangiri, lakini alikataa kwenda stendi kabla hajaiona mashine ikifanya kazi. Nikachapa mtihani wa jiografia wa kidato cha pili mwanzo hadi mwisho, bila kuhifadhi kila sentensi. Printa ikakwaruza, karatasi ikatoka. Nikampa.

Hakujua kuisoma. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka shavuni.

"Ina joto," akasema.

Akanirudishia, akachukua mzigo wake, akaenda kupanga zamu ya kulima.