Choya Yangu Imegeuzwa Dawa ya Saratani

Nyie mnaosambaza humu kwenye kundi tangazo la maji mekundu yanayotibu saratani, hamna haya?

Leo asubuhi mdogo wangu Zaituni, mwenye uvimbe kwenye titi, kagoma kwenda hospitali. Ati keshapata dawa ya mitishamba.

Muuzaji mwenyewe nikamkuta sebuleni kwangu, tai shingoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hebu nionje."

Nikaonja. Choya! Maua mekundu ya juisi na tangawizi, basi!

"Umeitoa wapi, baba?"

"Msituni huko Kaliua, bibi. Mti wa siri."

Siri gani? Choya hiyo nimeianika mimi, na mkewe kainunua kwangu juzi!

Nikamfungulia mlango wa uani, akaliona jamvi limejaa choya. Kaondoka mbio, viatu mkononi.

Mnacheka?

Wataalamu wakitaka kuichunguza choya, waichunguze, sikatai. Ila marehemu mume wangu alifuturu nayo miaka yote, na saratani ndiyo iliyomzika.

Zaituni, najua umejifungia chumbani unasoma hapa. Vaa baibui utoke, bajaji ipo mlangoni. Choya utakunywa tukirudi kutoka hospitali.