Paa la Anselm

Gottlob Reuschle alikuwa seremala wa mapaa kabla hajawa mheshimiwa, na hata alipoingia bunge la jimbo mikono yake iliendelea kunuka msonobari. Nyumba zetu zilitazamana. Vita vilipoisha, mji wetu wa bonde la mto Neckar, Ujerumani, ulikuwa magofu, na wakimbizi wa mashariki walilala hata mazizini. Gottlob alipiga kelele bungeni mpaka wakapewa mbao na vigae. Alikuwa mkaidi yule, Mungu amrehemu, na ukaidi wake ulijenga nusu ya mji.

Lakini nyumba yake mwenyewe, bomu lililipeperusha paa, na kwa miaka kumi aliifunika kwa turubai. Si kwamba alikosa mbao. Mwanawe wa pekee, Anselm, seremala naye, alikuwa amekata mbao za paa jipya katika likizo yake ya mwisho, akachonga alama kwenye kila kiungo kwa patasi, kisha akarudi vitani Urusi. Zilikaa bandani zikimngoja. Kwetu, kenchi ikishasimama, shada la matawi ya msonobari hufungwa kileleni. Fundi aliyekata mbao hupanda, huiombea nyumba baraka, hunywa divai na kuitupa glasi chini ivunjike. Isipovunjika ni mkosi.

"Aliyezikata ndiye atakayepanda," Gottlob alisema, basi.

Mimi na mdomo wangu sikumwacha. "Mheshimiwa, kweli mganga hajigangi! Sisi umetuezeka, mkeo analala na ndoo kitandani!"

"Hedwig, wewe oka mikate yako."

Mkewe, Walburga, hakucheka. Unyevu ulikuwa umemwingia kifuani. Siku moja nilimpelekea mkate wa moto, nikamkuta akimsihi mumewe.

"Baba Anselm, kifua hiki kitaniua. Tuezeke, jamani."

"Akirudi akute paa liko juu, si atajua tulimkatia tamaa?"

Walburga akachukua ndoo, akaenda kuimwaga.

Mwaka wa hamsini na tano mateka wa mwisho walirudishwa kutoka Urusi. Gottlob alivaa suti ya Jumapili, akasimama stesheni na sisi sote. Anselm hakushuka. Alishuka mtu mifupa mitupu, akauliza, "Reuschle ni nani hapa?" Wakasogea kando, yeye na Gottlob. Alikuwa mateka pamoja na Anselm, na Anselm alikufa kambini, majira ya baridi ya kwanza baada ya kutekwa. Miaka yote ile walikuwa wakilowa kwa ajili ya maiti. Nililia palepale, nikajutia kila utani.

Kesho yake Gottlob alizitoa mbao. Viungo vyote viliingiana bila kuguswa na randa. Kijana alikuwa fundi kweli. Kenchi iliposimama tulileta shada. Gottlob akapanda, yeye ambaye hotuba zake ziliwachosha wabunge wenzake, akafungua mdomo, sauti ikakataa.

"Sema, baba," Walburga aliita kutoka chini. "Mtoto hawezi."

"Mwenye paa hayupo," akasema. Akanywa, akatupa.

Glasi iliangukia rundo la maranda, ikabaki nzima. Watu wakatazama viatu vyao. Walburga akainama, akaiokota, akaipangusa kwa aproni.

"Msiogope," alituambia. "Mkosi utakuja kuchukua nini tena humu?"

Akaingia nayo ndani, akaiweka mezani mbele ya kiti cha Anselm.