Maua Juu ya Vitambaa Vyangu

Mimi ni dobi, na sina subira na uchafu unaotoka juu. Nafulia hoteli moja vitambaa vya meza, vyeupe pe, navianika kwenye roshani yangu ya ghorofa ya pili. Kwa hiyo nilipoanza kukuta vijiua vimedondokea vitambaa kila asubuhi, kila kimoja na kitovu cha njano kinachoacha doa, nilijua mchokozi wangu anakaa ghorofa ya tatu. Nilivumilia kwa kunung'unika. Mwisho nikakaza kilemba, nikachukua kitambaa kimoja kama ushahidi, nikapanda ngazi kwenda kumpa mtu vidonge vyake.

Aliyenifungulia ni mshonaji, mke wa Fundi Bomba. Hakuuliza nimefuata nini. Alitazama kitambaa mkononi mwangu, akasogea pembeni nipite.

Fundi Bomba alitengeneza mabomba maisha yake yote, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Jengo letu zima hakuna choo ambacho hakijawahi kuinamiwa naye. Alipokaa nyumbani, mikono ilimwasha. Roshani yao ni finyu, ukifungua mlango umeimaliza, lakini yeye alisema pakikosa upana atapanda kwenda juu. Akachukua bomba nene la plastiki, masalio ya kazi, akalitoboa matundu kuzunguka, akalisimika kwenye ndoo ya zege. Ndani yake akapitisha bomba jembamba lenye vitundu vya msumari, ili maji yafike mpaka chini, mche wa chini usife kiu wakati wa juu unaoga. Akajaza udongo na samadi, akapanda stroberi katika kila tundu. Tulimcheka sana, kwamba mzee amezoea mabomba mpaka sasa anayalisha. Zilipoiva tulipanda ngazi kuonja, na hakuna aliyecheka tena.

Siku ile nilimkuta mbele ya hilo bomba lake, amevaa ovaroli ya kazi, anachuma maua. Alichuma kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, tundu baada ya tundu, na kila ua alilokata alilidondosha nje ya roshani bila hata kulitazama.

"Fundi, unaniharibia kazi," nilimwambia.

Akageuka, akanitazama kwa adabu kama mteja mpya. Tumekaa jengo moja miaka chungu nzima.

"Samahani, mama. Hii miche bado michanga, nimeipanda juzi tu. Ikichanua mapema hivi unayatoa maua. Ukiliacha ua liwe tunda, mche unaishiwa kabla haujashika mizizi. Mche upate nguvu kwanza. Kula kupo tu."

Alieleza vizuri hata nikasahau ugomvi. Mkewe akanivuta jikoni.

"Anasema kweli," alininong'oneza. "Mche mpya unatolewa maua ya mwanzo, halafu unaachwa uzae. Lakini hiyo si mipya tena, jirani. Aliibadilisha baada ya mavuno ya msimu uliopita, na hiyo juzi yake ni miezi. Kila akiamka, kwake ndiyo kwanza amepanda."

Kusahau kulianza na funguo, kukaja kwenye majina ya watoto wao walio mbali, na sasa kulikuwa kumefika kwenye sahani. Alisukuma chakula pembeni, akisema ameshakula. Mshonaji alizipunguza suruali zake kiuno, akaja kuzipunguza tena, na safari hii ya pili alilia juu ya cherehani. Tumaini lilimbakia moja. Msimu uliopita, mzee akiwa tayari ameanza kususa chakula, alikula stroberi zake pale pale amesimama, bila kuosha, maji yake yakimchuruzika kidevuni, na siku hizo hata chakula kingine kilipita kooni.

"Nikipata moja tu iive," alisema, "nikamtia mkononi, najua atafungua mdomo."

Na ua lenyewe halikuwa linaiona hata jioni.

Basi tukahangaika. Mshonaji alilifunika bomba kwa neti. Mumewe akaifungua kwa uangalifu, akaikunja, akamkabidhi. Mshonaji akafunga mlango wa roshani kwa kufuli. Mzee akasimama nyuma ya kioo, akagonga na kulia kwamba miche yake inakufa, mpaka aliyefunga akafungua mwenyewe. Mimi nikajitia mjuzi. Niliomba kimche kimoja kati ya vile vinavyochipua mwishoni mwa vikonyo virefu vinavyotambaa, nikakipanda kwenye kopo la rangi huku kwangu, mbali na ule ukucha. Nikakifukia vizuri mpaka katikati, majani yanapotokea, nikidhani nakikinga na baridi. Kumbe hapo ndipo moyo wa mche ulipo, na moyo haufukiwi. Kikaoza chote.

Nilikasirika mpaka nikagombana na sabuni. Mimi nimezoea madoa. Doa likigoma kwa sabuni unalipeleka kwenye ndimu, likigoma kwa ndimu unalianika juani. Hili halikuwa na pa kulipeleka. Nikawa napanda juu asubuhi kunywa chai na mshonaji, tukimtazama mzee akichuma. Mara nyingine alipiga mluzi. Alikuwa na raha, na hilo ndilo lililotufunga mikono, kwa sababu kazi pekee aliyobaki anaijua ndiyo iliyokuwa inamnyima chakula, na hakuna kati yetu aliyeweza kumnyang'anya.

Kisha vitambaa vyangu vikaanza kubaki safi. Kusema kweli nilifurahi. Nilianika, nikaanua, nikapeleka hotelini, na huko nikasifiwa. Zilipita siku kadhaa ndipo nikajiuliza maua yamekwenda wapi. Niliacha beseni katikati ya sakafu, nikakimbilia ngazi.

Fundi Bomba hakuwa akiinuka tena kitandani. Mkewe hakupata hata nafasi ya kushuka kuniambia. Na kule nje, bila mtu wa kulichuma, bomba lilikuwa limechanua kuanzia juu mpaka kwenye ndoo.

Yale maua yakawa matunda. Yalikuwa ya kijani, yakapauka, na asubuhi moja tunda la kwanza likawa jekundu lote. Mshonaji alikuja kunigongea mlango mwenyewe, anahema. Tulipopanda alilikata na kikonyo chake, akalipeleka kitandani kwa mikono miwili.

"Fundi," alisema, "tazama. La kwako hili."

Akamwekea kiganjani. Mzee alilitazama kwa muda mrefu. Kidole gumba kikaanza kutembea juu ya tunda, kikitafuta, mpaka kikakipata kikonyo. Akakibana kwa ukucha, akakikata. Kisha akanyoosha mkono nje ya kitanda, akaliachia tunda lidondoke sakafuni, bila hata kulitazama.

"Mche upate nguvu kwanza," alisema kwa sauti ndogo.

Mkewe aliinama, akaliokota. Nilidhani atalia, au angalau atambembeleza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamfuta vidole kimoja kimoja.

"Sawa, mume wangu," alisema. "Tutasubiri."

 Nilishuka kuanua vitambaa. Vilikuwa safi vyote, havina hata doa moja.