Dakika Nne Katikati ya Duara

Derrick Oldknow alitengeneza mashine za kufuma soksi hapa Hucknall, Uingereza, kwa miaka arobaini na mmoja, lakini ukimwuliza alikuwa nani, atakwambia alikuwa rubani. Ndege alizorusha hazikuzidi urefu wa mkono. Zilikuwa za mbao nyepesi na karatasi, zenye injini ya kukaa kiganjani, na zilifungwa kwa nyaya mbili nyembamba za chuma zenye urefu wa mita kumi na tano. Rubani husimama katikati ameshika kishikio. Ndege humzunguka, naye hugeuka pamoja nayo, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mafuta yaishe. Namna nyingine ya kuizima haipo.

Mwaka 1958 uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha gesi ulijaa vijana kila Jumapili, na harufu ya mafuta ya injini, mchanganyiko wa etha na mafuta ya nyonyo, ilituganda kwenye sweta hadi Jumatano. Mama zetu walitufulia wakinung'unika. Siku hizi tumebaki sita, na mdogo wetu, aliyejiunga baadaye, ana miaka sitini na minane.

Vuli iliyopita Derrick alianguka duarani. Daktari alisema tatizo ni sikio la ndani: akizunguka sana, dunia huendelea kuzunguka hata baada ya yeye kusimama. Ndege yake ilivunjika vipande. Majira yote ya baridi alijifungia bandani akijenga nyingine, kwa mchoro aliouchora mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba. Alikata mbavu za bawa moja moja, akazipiga msasa, akazivika karatasi na kuipaka rangi ya maziwa na kijani kibichi, kama ile ya kwanza.

Mkewe, Maureen, alimwekea sharti moja, jikoni kwao, nami nikiwa nimeketi pale na kikombe changu cha chai.

"Utairusha mara moja. Ukimaliza umesimama, endelea hadi ufe. Ukishindwa, basi, mume wangu. Sitaki tena kukuokota kwenye nyasi."

"Na nikiyumba?"

"Kuyumba ruhusa. Hata siku ya harusi uliyumba."

Tukapanga kwa makini. Mzunguko mmoja huchukua sekunde tano hivi. Nyuma ya nyumba Derrick alijizoeza kugeuka kando ya mlingoti wa kamba ya nguo, nami nikihesabu. Alifika thelathini kabla ya kuushika mlingoti. Tangi likijazwa nusu, injini ingezima baada ya dakika mbili, yaani mizunguko ishirini na minne. Hesabu ilitosha, na ikabaki akiba.

Jumapili ya pili ya Aprili hapakuwa na upepo. Len Spavold, mpinzani wake tangu utotoni, alifika na koleo begani.

"La nini hilo?" Derrick akauliza.

"La kuzolea vipande, mzee."

"Lirudishe garini. Utalihitaji kubebea hilo tumbo."

Derrick alichuchumaa, akachukua chupa ya mafuta yenye mdomo mwembamba, akaibana taratibu hadi mafuta yakachuruzika kutoka kwenye kijibomba cha pili cha tangi, kile cha kutolea hewa. Akalipangusa tone kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeishika ndege mkiani na niliyaona yakichuruzika. Kwa miaka sitini na zaidi, kuchuruzika huko ndiko kulikotuambia kwamba kazi imekamilika. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujaza nusu.

Akazungusha panga la mbele kwa kidole, injini ikaitika. Derrick alikwenda katikati, akakagua kishikio, akainua mkono. Nikaachia.

Ilipaa vizuri ajabu. Mizunguko kumi, kumi na tano, ishirini. Derrick aliikazia macho ndege yenyewe, wala hakutazama miti iliyopita nyuma yake, na miguu yake ilipiga hatua fupi fupi kama za mtu anayekanyaga zulia geni. Ishirini na minne ikafika. Injini iliendelea kuimba.

Maureen aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Derrick! Umejaza kiasi gani?"

Kisha sauti kutoka katikati: "Lo! Nimejaza lote!"

Zilibaki dakika mbili na zaidi, na jumla ya mizunguko ingepita mbali ile thelathini aliyoimaliza pale mlingotini. Len alitupa koleo, akainama chini ya nyaya zikimpita juu ya kofia, akakimbilia katikati kwa namna ambayo sikujua bado anaiweza.

"Nipe hapa," alisema akihema.

"Sikupi. Utaivunja."

"Aliyevunja ile ya vuli iliyopita ni nani? Mimi?"

"Nishike mkanda, punguza maneno."

Len akamshika mkanda wa suruali, na wazee wawili wakazunguka pamoja kifua kwa mgongo. Hakuna aliyecheka. Mzunguko wa thelathini na sita, goti la Derrick likakunjika. Ndege ikashuka hadi ikakwaruza ncha za nyasi, kisha akaivuta juu. Niliuona uso wake ulipogeukia upande wetu. Ulikuwa mweupe, na machozi yanatiririka.

"Len," akasema, "weka mkono wako juu ya wangu."

Len akaweka. Derrick akaachia kidole kimoja baada ya kingine, hadi mkono wake ukatoka mtupu. Akaketi chini, polepole, mwenyewe. Nyaya zikaendelea kupita juu ya kichwa chake.

"Ipindue!" akapaza sauti kutoka kwenye nyasi. "Ina nguvu hiyo, usiiogope!"

"Si yangu!"

"Nimekwambia ipindue! Ngoja... ngoja... vuta!"

Len akavuta. Ndege ya rangi ya maziwa ikapanda, ikalala chali angani, ikakamilisha duara lake na kunyooka. Baada ya mizunguko michache injini ikakohoa, ikazima, nayo ikateleza hadi kwenye nyasi bila kuchubuka.

Maureen alikwenda kuketi kando ya mumewe na kumpangusa uso kwa ncha ya skafu yake. Hakulitaja sharti. Derrick ndiye aliyelitaja.

"Sikumaliza, Maureen."

"Najua, mpenzi."

"Basi ni ya Len sasa." Akavuta pumzi, akamgeukia mpinzani wake aliyekuwa bado ameshika kishikio kwa mikono miwili. "Na Jumapili ijayo uje mapema. Umeipindua kama mtu anayegeuza godoro."