Siku za Mapumziko za Mfunga Marobota

Miaka ile ya sabini nilikuwa nyapara kwenye kiwanda cha pamba, nje kidogo ya mji wa Kasese, Uganda. Msimu ukifika, malori yalipanga foleni kutoka Kinyamaseke, nasi tulifanya kazi hadi giza liingie. Pesa za ovataimu hazikuwapo, kwa hiyo meneja aliamua saa za ziada zigeuzwe siku za mapumziko, kila mtu achukue zake pamba ikipungua. Mimi ndiye niliyewaambia watu nani apumzike na nani abaki. Walininunia, nami sikujali sana. Vumbi la pamba lilinijaa masikioni, na ngurumo ya mashine ilibaki kichwani hata nikiwa kitandani.

Aliyefunga marobota ya pamba alikuwa mwanamume wa upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, Zaire. Mke wake aliishi Bwera, upande wetu wa mpaka. Yeye alilala kiwandani katika vyumba vya wafanyakazi, akienda kwake Jumapili. Hakuwahi kukataa saa za ziada.

"Bibi yangu iko na mimba," aliniambia. "Akizaa, nitakaa naye mwezi muzima."

Asubuhi moja utingo wa lori la Bwera alishuka getini akamwita. Mke alikuwa amefariki akijifungua, na mtoto pia. Nilimtazama akikung'uta pamba kwenye suruali, mguu mmoja kisha mwingine, halafu akapanda lori. Nikaweka mtu mwingine kwenye mashine. Robota lililofuata lilifungwa vizuri tu.

Meneja alisema siku za msiba zikatwe kwenye siku zake za mapumziko. Nikasema sawa.

Alirudi mapema kuliko tulivyotarajia, akaenda moja kwa moja mahali pake.

"Bado una siku nyingi," nikamwambia. "Nenda ukapumzike."

"Nipumzike wapi, nyapara?"

Nikamweleza kwamba asipozichukua kabla msimu haujaisha zitapotea. Akamwonyesha kwa kidevu mpakuaji mmoja wa malori, Mkonzo wa kijiji cha Nyakalengija, ambaye mke wake naye alikuwa karibu kujifungua.

"Ile siku zangu, umupe yeye."

Jambo hilo halikuwahi kufanyika kwetu. Nilikwenda kwa meneja. Hakuinua hata uso.

"Fanya unavyoona," alisema.

Nikampa. Yule wa Nyakalengija alidhani namtania. Alipoamini, alikwenda kumshika mwenzake mkono kwa mikono yote miwili, wakasimama hivyo, mashine zikinguruma. Mimi niliwatazama nikiwaza lori lililokuwa likisubiri kupakuliwa.

Msimu ulipokwisha watu walikwenda makwao. Mtu wa Beni alibaki akifagia ghala tupu, nami nikabaki kwa kuwa sikuwa na haraka ya kwenda popote. Mchana tulikula mihogo na maharage kwenye ngazi za ghala. Siku moja aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninao, wako kwa mama yao.

"Ni muzuri," alisema, tukanawa mikono.

Pamba mpya ilipoanza kuingia, mpakuaji alirudi. Alikuja kwanza pale kwenye mashine ya marobota kumwambia mwenzake kwamba amepata msichana, na mama yake ni mzima.

"Aksanti Mungu," alisema mtu wa Beni. Akamuuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Akaambiwa ananyonya sana. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akavuta kamba ya robota.